Vipande Sita vya Mahameli

Kwenye karakana ile ya ushonaji kulikuwa na mwanamke ambaye hata joho la malaika angeligeuza ndani nje kwanza. Nguo ukimpa, haangalii inavyopendeza. Anaigeuza, anavaa miwani yake yenye mkono mmoja uliofungwa uzi, anapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya mshono, kisha anasema neno moja: "Fumua." Basi jina alilopewa na wazazi likasahaulika, akabaki Fumua, wala hakuwahi kulikasirikia.

Mgeni wa karakana aliitwa Chapuchapu, kwa sababu mguu wake ukigusa pedali, cherehani hulia kama mvua juu ya mabati. Alikuwa ameshonea nyumbani kwake miaka minane, majirani wakimsifu mpaka akaamini. Sasa Bosi alikuwa amempa miezi mitatu ya majaribio, na majaribio yalikuwa yanaisha Ijumaa. Kazi hii aliitaka kwa moyo wote, maana alishachoka kuwa fundi wa viraka na zipu mbovu. Tatizo lilikuwa moja tu: meza yake ilitazamana na meza ya Fumua.

"Dada, na hii nayo ina nini?"

"Pindo linapanda mlima."

"Sasa nani atalala chini alione?"

"Mimi nimeliona nikiwa nimesimama. Fumua."

Jioni mume wa Chapuchapu humpokea mlangoni na swali lile lile: "Leo umefumua mara ngapi, mama?" Akitajiwa idadi anacheka mpaka anashika mbavu. Mkewe hacheki. Miezi mitatu, na hata "afadhali" hajaisikia! Siku moja fundi wa vifungo, mzee wa utani, alimuuliza Fumua ana ugomvi gani na kumsifu mtu. "Mgema akisifiwa," Fumua alijibu, akaendelea kushona, wakamalizia wenyewe.

Jumatano, mwalimu mkuu aliyekuwa anastaafu alileta mahameli ya zambarau, zawadi aliyotumiwa na mwanawe kutoka mbali. Alitaka sketi ndefu ya vipande sita, aivae Jumamosi kwenye hafla ya kumuaga. Bosi akampa Chapuchapu.

Mahameli ina tabia zake. Ina vinyweleo vinavyolala upande mmoja, kama manyoya ya paka. Vikielekea chini, kitambaa kinang'aa. Vikielekea juu, kinanuna na kuwa cheusi. Ndiyo maana karakana ile ilikuwa na desturi yake: mkasi haugusi mahameli mpaka mtu wa pili aipapase, na kila kipande kichorwe mshale wa chaki. Na mtu wa pili ni nani, kama si Fumua? Siku hiyo Chapuchapu alikuwa ameambiwa "fumua" mara nne kabla ya saa sita, na damu ilikuwa inamchemka. Akasubiri Fumua atoke kwenda kula. Akapanga vipande kichwa kwa miguu, vitatu huku na vitatu kule, kitambaa kikatosha vizuri. Akakata bila mshale hata mmoja.

Alhamisi mchana sketi ikaisha. Akaitundika dirishani aifurahie, ndipo mwanga ukamwonyesha kosa lake. Vipande viwili vyeusi vilikuwa vimekaa pamoja mbele, viwili vinavyong'aa vimekaa pamoja kando, kama mtu aliyeegemea ukuta wenye masizi. Kitambaa cha kurekebishia hakikuwapo. Kesho ilikuwa Ijumaa.

Angeweza kuikunja na kuomba Mungu mwanga uwe hafifu. Lakini mficha uchi hazai. Akaitungua sketi, akazunguka meza.

"Dada, nimeharibu. Nilisubiri utoke ndipo nikakata."

Alijikaza, akingoja radi. Fumua akavaa miwani. Kwa mara ya kwanza hakuigeuza nguo. Aliitazama kwa nje, kwa muda mrefu, akipapasa kipande kimoja kimoja.

"Vinavyopanda ni vingapi?"

"Vitatu."

"Vinavyoshuka?"

"Vitatu."

"Na vyote vina umbo moja?"

"Ndiyo, dada."

"Basi fumua," akasema, akavuta kiti chake karibu. "Wewe anzia kule, mimi naanzia huku."

Hapo ndipo Chapuchapu alipoiona mikono ile. Miezi mitatu alikuwa anausikia mdomo tu. Fumua alikuwa anakata uzi kila baada ya hatua nne za sindano kwa ncha ya wembe, kisha anauvuta ule wa upande wa pili, na mahameli inaachia bila kukwaruzwa. Wakavipanga upya: cheusi, kinachong'aa, cheusi, kinachong'aa. Kila mshono mpya ukapita unywele mmoja pembeni ya ule wa zamani, ili matundu ya sindano yafichike ndani. Mshono wa tano, alioushona Fumua mwenyewe, haukumridhisha. Akaufumua bila kuambiwa na mtu. Akaushona tena. Akaufumua tena! Chapuchapu alimtazama, hasira yote ikamtoka, akabaki na heshima tupu. Huyu mtu hakuwa na nongwa hata chembe.

Ijumaa mwalimu mkuu akaivaa. Akatembea hatua tatu mbele ya kioo, na sketi ikawa inameta na kufifia, inameta na kufifia. "Nani kabuni hivi?" akauliza, na Bosi, kifua mbele, akamwonyesha Chapuchapu kwa kidevu.

Mteja alipoondoka, Chapuchapu alimwendea Bosi. "Bosi, sikubuni kitu. Nilivunja desturi, nikakata vibaya. Aliyeiokoa ni dada."

Bosi akamgeukia Fumua. "Miezi mitatu nasikia fumua, fumua. Leo majaribio yameisha. Nimwache aende zake?"

Fumua akavua miwani.

"Nani kasema aende? Mwezi wa kwanza pindo lake lilipanda. Nikamwambia, halikupanda tena. Akaja na kwapa linalobana, likaisha. Kola ikapinda, ikaisha. Kila siku ananiletea kosa jipya, na hakuna hata moja alilolirudia. Wengine humu nawaambia lile lile mwaka wa tisa huu."

Fundi wa vifungo akakohoa, akainama kutafuta kitu chini ya meza.

Majirani walimsifu Chapuchapu miaka minane, na hakuna sifa yao iliyomwingia namna hii. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa kipande cha bitana. Bosi akasema basi, Jumatatu aje mapema kama wenzake.

Jumatatu akaja, akashona blauzi, mbio zake zile zile. Ilipoisha hakuirusha upande wa pili wa meza kama zamani. Aliigeuza ndani nje, akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya mshono, polepole. Ukucha ukasimama kwenye bega la kushoto. Akashusha pumzi, akachukua wembe.

Ng'ambo ya meza, Fumua alimtazama juu ya miwani, akafungua mdomo, kisha akaufunga.