Daftari la Mlangoni

Waingereza wana neno lao kwa mtu aendaye kanisani kila mara. Neno hilo hupima miguu, magoti haliyaulizi. Na shule nzuri ya kanisa pale kijijini Askerdale ilipokea kwanza watoto ambao kasisi ameandika barua kuthibitisha kwamba wazazi wao wanastahili neno hilo.

Philippa Garside alikuwa na binti wa miaka minne, Hettie, na shule nyingine ilikuwa umbali wa maili tisa. Basi kwa miaka miwili alitia sahihi kwenye daftari la mahudhurio mlangoni pa kanisa kila Jumapili, akaketi nyuma kabisa, akasoma simu yake ndani ya kitabu cha nyimbo.

Jumapili moja, ya tano ya mwezi, alichelewa. Hakukuta kasisi wala kinanda, ila daftari mezani na sahihi mbichi za wazazi wenzake kumi na mmoja. "Afadhali, leo wamefupisha," akajisemea. Akasaini, akawahi nyama yake kwenye joko.

Wiki iliyofuata alikwenda kuomba barua. Alimkuta Kasisi Prewett akinywa chai na mzee wa kanisa, Bi Doreen.

"Mahubiri ya Jumapili uliyaonaje?" kasisi aliuliza.

"Yalinigusa, Kasisi. Siku nzima nayawaza tu."

Bi Doreen akakohoa. "Yalikugusia wapi, mwanangu? Jumapili ya tano sasa tunasali ng'ambo ya mto, na ile ilikuwa ya kwanza; ilitangazwa mwezi mzima. Hapa nilisahau daftari na paka."

"Pengine alihubiri paka," kasisi akasema.

Uso wa Philippa ukawaka. "Nisamehe, Kasisi. Ni kwa ajili ya Hettie."

"Nimekusamehe. Ila uongo siandiki." Akaandika mstari mmoja: *Bi Garside huja kanisani kila Jumapili, hata ile isiyo na ibada.*

Philippa aliibeba barua ile kama mtu aliyetumwa kupeleka hukumu yake mwenyewe.

Mwenyekiti wa kamati ya shule aliisoma, akavua miwani. "Hata isiyo na ibada! Mnasikia? Huyu huja kusali peke yake!" Hettie akaandikwa wa kwanza.

Jumapili iliyofuata, saa nne asubuhi, Hettie alisimama kando ya kitanda cha mama yake, amevaa viatu vya kanisani.

"Mama, tumechelewa."

"Rudi ukalale, mpenzi. Shule tumeshapata."

"Na Mungu ameshaambiwa?"

Philippa akavuta blanketi hadi puani. Swali hilo halikuwemo kwenye fomu.