Mbwa wa Marehemu

Baiskeli ya Mramba ilikuwa bado imeegemezwa ukutani pale pale alipoiacha, magurudumu yote mawili yameisha upepo. Jembe lake lilining'inia juu ya mlango wa jiko. Redio yake ilikaa kimya kwenye rafu. Tangu azikwe mwezi wa Mei hakuna aliyevigusa, wala hakuna aliyeruhusiwa kusema hiki changu, kile chako, mpaka matanga ya pili yafanywe na wazee wakae kugawa. Matanga hayo yalipangiwa Agosti, mahindi yakishavunwa. Kadii, mjane wake, alizaliwa ndani ya desturi hiyo na hakuwahi kuiona nzito. Alianza kuuona uzito wake siku Kisiki alipomuuma Thuku.

Kisiki alikuwa mbwa wa Mramba. Mramba alilinda nyumba ya wageni kule Watamu miaka kumi na mmoja, na jioni moja akarudi nyumbani Matsangoni na mtoto wa mbwa ndani ya gunia, mkia umekatika nusu kwa kubanwa na lango. Ndiyo maana akaitwa Kisiki. Alilala mlangoni kwa bwana wake kila siku ya uhai wake. Mramba alipozikwa pale nyuma ya nyumba, mbwa akahama mlangoni akahamia kaburini. Huko ndiko alikoshinda, akija kula na kurudi.

Thuku alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi kando ya barabara kuu. Alikuwa mtu wa bara, lakini amekaa Matsangoni kiasi cha kujua watoto wa kila nyumba kwa majina. Msiba ulipotokea alikuwa amesafiri kwao. Aliporudi alikuja kutoa pole na kifurushi cha sukari mkononi, akakatiza kwa nyuma kama alivyozoea, akakanyaga ukingo wa kaburi. Kisiki hakubweka. Alimshika shavu la mguu, akamwachia, akarudi kulala.

Kadii aliuosha mguu ule kwa sabuni na maji mengi huku akimwomba radhi, na Thuku akawa anamwomba yeye radhi kwa kukanyaga. Halafu Thuku akaenda hospitali Kilifi kuchomwa sindano, kama inavyompasa mtu yeyote aliyeumwa na mbwa, na hospitali ikaiarifu ofisi ya mifugo. Hapo hakuna aliyekosea. Kadii alilirudia jambo hilo mara nyingi baadaye, akitafuta mahali ambapo mtu alikosea, na pale hakupaona.

Waliitwa kwa naibu wa chifu kesho yake. Kadii alikwenda na Kambi, kaka mkubwa wa marehemu, ambaye ndiye aliyekuwa mwenye kauli katika nyumba ile. Aliyewangoja alikuwa afisa wa mifugo aitwaye Peterson, mtu mpole, shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Aliwaeleza taratibu kwamba mbwa afungwe nyumbani siku kumi aangaliwe, na akifika siku ya kumi akiwa mzima, basi hana kichaa, atarudishwa kwa mwenyewe na mambo yatakwisha. Kisha akafungua daftari.

"Mbwa ni wa nani?"

Kadii alimtazama Kambi. Kambi alikuwa akiitazama kofia yake iliyokuwa magotini.

"Ni wa marehemu," Kadii akasema.

"Sawa, mama. Lakini kwa sasa ni wa nani?"

"Ni wa marehemu mume wangu."

Peterson akaandika. Njiani kurudi, Kambi alimsifu. Alimwambia amejibu kama mtu mwenye kwao, kwamba wako wajane ambao mume hajapoa kaburini wameshaanza kuhesabu vijiko. Kadii alifika nyumbani ameridhika. Akamfunga Kisiki kwa kamba kwenye mkorosho, akachukua kipande cha mkaa, akachora mstari wa kwanza kwenye ukuta wa jiko.

Barua ilikuja siku ya nne, ina muhuri. Aliisoma Trizah, binti yao, aliyemaliza kidato cha nne mwaka uliopita. Aliisoma mara moja kimya, akaisoma ya pili kwa sauti. Ilisema kwamba kwa kuwa mbwa aliyetajwa hana mwenyewe, hataweza kurudishwa kwa mtu yeyote, na kwa hiyo atauawa siku za uangalizi zitakapokwisha, kwa usalama wa wananchi.

"Hana mwenyewe vipi?" Kadii akauliza. "Si nilimwambia?"

"Ulimwambia ni wa baba, mama."

"Ndiyo. Wa baba yako."

Trizah aliikunja barua. Aliingia ndani akatoka na kopo la chai alimokuwa Mramba akiweka karatasi zake. Mlikuwa na kadi ya kijani ya chanjo, imepigwa muhuri miaka mitatu mfululizo, kwa jina la Mramba Ngowa. Mramba hakuwahi kukosa siku ya chanjo. Alimpeleka Kisiki kwa miguu hadi uwanja wa shule, akapanga foleni na watu wenye mbuzi, akarudi na kadi mfukoni akiionyesha kama cheti.

Trizah alikwenda Kilifi nayo asubuhi iliyofuata. Karani wa ofisi aliigeuza kadi huku na huku.

"Huyu Mramba Ngowa yuko wapi?"

"Amefariki."

"Basi na kadi imefariki naye," karani akasema, na wawili waliokuwa nyuma yake wakacheka. Halafu akaona uso wa Trizah, akainamisha macho, akasema kwa sauti nyingine kwamba kinachotakiwa ni barua ya familia, ipitie kwa naibu wa chifu, ikionyesha nani amemrithi mbwa. Afisa mwenyewe alikuwa kwenye semina Mtwapa hadi Ijumaa. Hapana, simu yake hapokei akiwa semina. Hapana, hakuna mwingine.

Naibu wa chifu naye hakuwa mtu mbaya. Alisema yeye atapiga muhuri barua yoyote ambayo familia imetia sahihi. Na familia ilikuwa Kambi.

Kadii alimfuata Kambi kwake, akamkuta akichonga mpini. Alikaa chini kwenye kigogo, akamweleza yote, akamwomba amwandikie mbwa tu, mbwa peke yake. Kambi alikataa bila ukali. Alisema akigawa mbwa leo, kesho ndugu zao wa Ganze watakuja kudai baiskeli, na keshokutwa minazi. Matanga ya pili hayakuwekwa kwa mchezo. Ndugu yake hajatulia huko aliko, na kitu cha mtu asiyetulia hakigawanywi.

"Baiskeli haili, shemeji," Kadii akasema. "Huyu anakula kila siku. Nani anampa chakula?"

"Wewe."

"Nampa kama wa nani?"

Kambi aliendelea kuchonga. Kadii alingoja mpaka akachoka kungoja, akaondoka.

Kule nyumbani kamba ilikuwa ikimwonea Kisiki. Kutoka pale kwenye mkorosho aliliona kaburi lakini hakulifikia, naye alivuta mpaka manyoya ya shingo yakanyonyoka. Siku ya tano Kadii alichomeka kigingi karibu na kaburi, akamfunga huko. Mbwa akajizungusha mara mbili, akalala. Alikula. Alikunywa maji, naye Kadii akayatazama yale maji yakipungua, kwa kuwa aliambiwa mbwa mwenye kichaa hanywi. Mtu yeyote mwenye macho angeona kwamba Kisiki ni mzima. Lakini hakuna ofisi iliyokuja kumtazama. Neno lilikuwa ni kuangaliwa, na aliyemwangalia alikuwa Kadii peke yake, na macho yake hayakuwa na muhuri.

Thuku alipopata habari alikuja akichechemea. Safari hii alipitia mbele. Aliandika barua kwamba hana malalamiko yoyote na mbwa yule asiguswe, akaipeleka mwenyewe Kilifi siku aliyokwenda kuchomwa sindano ya tatu. Alirudi nayo mfukoni.

"Wameniambia mimi ni mgonjwa tu, si mlalamishi," akasema. "Mama Trizah, sijui walitaka niumwe kiasi gani ndiyo nisikilizwe."

Kadii alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Mei, na alipoisikia sauti yake mwenyewe aliona haya.

Siku ya saba Kambi alikuja. Hakutaka kukaa. Alisimama karibu na kaburi akimtazama mbwa, na mbwa akamtazama yeye. Halafu akasema amefikiri. Jumamosi watakaa kidogo pale pale, watu wachache, amwage tembo la mnazi na kumwambia ndugu yake kwamba mbwa ametolewa katika vitu vyake na amepewa mkewe, na kwamba vingine vyote vinangoja Agosti. Lakini sharti dada yao Kabibi awepo. Bila dada wa marehemu maneno hayo hayasimami. Trizah alimpigia shangazi yake Ganze papo hapo, na Kabibi akasema atatoka alfajiri.

Jumamosi ingekuwa siku ya tisa. Jumapili ya kumi, ofisi zimefungwa. Jumatatu asubuhi Trizah angekuwa mlangoni kwa naibu wa chifu na barua. Waliihesabu mara mbili, na mara zote mbili ikatoka sawa.

Jumamosi Kadii alifagia uani mapema. Kambi alileta mnazi ndani ya kibuyu, majirani wawili watatu wakaja, Thuku akaletewa kiti kwa sababu ya mguu. Ilipofika saa nne Kabibi hakuwa amefika. Alipiga simu akasema gari alilotegemea halikuja, anatembea kuelekea barabara ya lami. Saa tano simu yake haikupatikana. Kambi alikiweka kibuyu kivulini, akakihamisha kivuli kiliposogea.

Gari lililokuja halikuwa la Kabibi. Peterson aliteremka na watu wawili, mmoja amevaa glavu ndefu, mmoja amebeba sanduku.

"Siku kumi ni kesho," Trizah akasema kabla hajasalimiwa.

"Kesho ni Jumapili, dada." Peterson alieleza kwamba ofisi ina gari moja, na leo limepatikana. Wiki ijayo yote linakwenda kwingine kwa chanjo ya ng'ombe. Alisema pole. Alionekana kweli ana pole.

Kadii alisimama kati yake na kaburi.

"Ni wangu," akasema.

Kambi aliinua kichwa. Mnazi ulikuwa bado ndani ya kibuyu, na Kabibi alikuwa bado njiani, na neno limeshatoka mbele ya kaburi la mwenyewe. Kadii hakumtazama shemeji yake. Alijua akimtazama atalimeza tena.

"Mbwa huyu ni wangu. Andika."

Kisha Kambi akasema, "Andika. Ni wake. Mimi ndiye mkubwa wa hapa."

Peterson aliiangalia karatasi yake. "Nilikuuliza siku ile, mama. Nilikuuliza mara mbili."

"Ulinikuta nina msiba."

Peterson aliikunja karatasi. Alijitenga akapiga simu kwa mkubwa wake, na wote wakamwona akisema, akinyamaza, akisema tena, akikuna kisogo. Thuku alimfuata akichechemea, akavuta suruali hadi gotini, akamwonyesha kidonda kilivyopona. Peterson alirudi akatikisa kichwa. Amri imeshatiwa sahihi. Aliyetumwa hawezi kuibadilisha, na anayeweza kuibadilisha atakuwepo Jumatatu.

"Na gari?" Trizah akauliza.

"Jumatatu gari halipo."

Kadii aliomba amshike mwenyewe. Yule wa glavu alitaka kukataa, Peterson akamzuia. Kadii alikaa chini mchangani, akampakata Kisiki kichwa, akamkuna pale kamba ilipomchubua. Sindano ilichukua muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai. Kisiki alipumua kwa nguvu mara moja, kama alivyokuwa akipumua mlangoni usingizi ulipomkolea, basi.

Wakati watu wawili wale wakirudisha vitu vyao garini, Peterson alileta fomu nyingine na kumwonyesha mahali pa kutia sahihi. Trizah aliisoma juu ya bega la mama yake. Paliandikwa, mwenye mnyama.

"Si mlisema hana mwenyewe?"

"Fomu hii lazima ijazwe," Peterson akasema kwa sauti ya chini. "Bila jina faili haifungwi."

Trizah alitaka kuirarua. Kadii aliichukua kalamu, akaandika jina lake polepole, herufi moja moja, akahakikisha linasomeka. Akadai nakala, akapewa.

Kabibi alifika mchana, vumbi hadi magotini, leso imelowa jasho. Aliwakuta wamekaa, mbwa amefunikwa gunia. Kambi aliinuka akaenda jikoni, akainua mkono juu ya mlango, akalitungua jembe la Mramba. Kadii aliona Kabibi akilitazama lile jembe, kisha akimtazama kaka yake. Kama dada wa marehemu, Kabibi ndiye aliyekuwa na haki ya kumkataza. Alifungua leso begani, akaifunga kiunoni, akasema palipo karibu na mkorosho udongo ni laini zaidi. Kambi akachimba mpaka kiunoni, kama afisa alivyoagiza.

Mnazi haukumwagwa siku ile. Thuku alikirudisha kibuyu ndani, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekumbuka.

Jumapili asubuhi, kabla ya kwenda kuteka maji, Kadii aliitia nakala ile ndani ya kopo la chai pamoja na kadi ya kijani. Halafu akaokota kipande cha mkaa, akaenda kwenye ukuta wa jiko, akachora mstari wa kumi.