Kutembea na Sista Amulen

Miezi miwili baada ya moyo kuniangusha kwenye mihogo yangu huko Kirewa, waliniita hospitali ya Tororo, eti nije kufanya mazoezi. Nikajiuliza, tangu lini wakubwa wakajali mzee anatembeaje? Hawa ndio walimwacha Loy, mke wangu, afe kwenye korido ya hospitali. Hewa ya kupumulia ilikuwa stoo, mwenye ufunguo alikuwa semina. Leo wanataka nitembee. Lakini daktari alisema bila kutembea, jembe nisahau. Na bila jembe mimi nitakula nini?

Kwenye uwanja wa hospitali nilimkuta sista Amulen, nesi, msichana wa Kiteso, ana saa na daftari. Alinipima presha, akasema tutazunguka uwanja pamoja huku mimi nikiongea. Nikamwuliza niongee nini. Chochote, akasema.

Hapo nikaona mchezo wao. Maneno yangu yataandikwa, yapelekwe juu. Nikafunga mdomo. Mzunguko wa kwanza kimya, yeye nyuma yangu kidogo, wa pili kimya. Pumzi ilianza kunipungukia, nikakaza meno asione. Aliona. Akanikalisha kwenye benchi.

"Mzee Owori, ukinyamaza mimi sijui moyo uko wapi. Mtu akiongea vizuri, namwacha aende. Maneno yakianza kukatika, tunapunguza mwendo."

"Na hilo daftari?"

Akanipa. Shule yangu iliishia darasa la pili, ila namba nazijua. Zilikuwa namba tupu.

"Basi tutukane sisi watu wa hospitali," akasema. "Nyinyi wazee wa Kirewa kwa hilo hamhitaji kufundishwa."

Alinipumzisha, akapima tena, tukaanza polepole. Nikaanza na mwenye ufunguo, nikapanda kwa daktari mkuu, nikafika kwa mwenyekiti wa wilaya na barabara yake ya vumbi. Mzunguko mzima na pumzi haikukatika. Sista anacheka, anaangalia saa. Mzunguko uliofuata nikamfikia Loy, vile alinishika shati akitaka nimwinue akae, apate kupumua, na maneno yakakwama.

Sista akasimama palepale. "Pumzi, mzee?"

Ningeweza kumdanganya kuwa ndiyo, nirudi nyumbani.

"Hapana. Pumzi iko."

Hakuandika kitu. Tulisimama hapo juani mpaka nikamwambia habari yote ya siku ile Loy alipokufa, na hakunikatiza. Kisha nikamwambia twende, bado mzunguko mmoja. Ila asitembee nyuma yangu. Akae ubavuni, nimwone.