Mbwa wa Mbuzi

Chui wa mawe ya Mbuji hakuwa na haya. Fisi angalau huja kwa kunyemelea na kuondoka kwa kukimbia. Huyu aliingia zizini kwa Ildefonsi na mkewe Edina kama mkwe aliyealikwa, akachagua mwanambuzi aliyenona, akapanda naye zake mapangoni. Alipokuja mara ya kwanza majirani walimpa Edina pole. Alipozoea kuja wakaanza kumpa ushauri, na hakuna kinachochosha kama ushauri wa mifugo kutoka kwa mtu asiyefuga hata kuku.

Ushauri wenyewe ulikuwa mmoja: mtafute mbwa. Shida ilikuwa mbwa gani.

Joakim, mdogo wake Ildefonsi, ambaye nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya kijito katika ardhi hiyohiyo ya ukoo, alisema mchagua jembe si mkulima. Mbwa ni mbwa. Chukua yeyote, mlishe ugali uliochanganywa nyigu waliopondwa na pilipili kichaa, mfungie gizani mchana kutwa, akitoka hapo hata upepo ataung'ata. Mbwa wa Joakim alilelewa hivyo, na kweli alikuwa mkali. Alikwisha kumng'ata katekista, mwalimu, na mama mkwe wa Joakim mwenyewe. Chui peke yake ndiye aliyekuwa hajaonja meno yake.

Bernadi, seremala wa misheni, alikuja na neno bora zaidi. Mbwa wa mapadre, jike la kizungu lenye mgongo mweusi na masikio yaliyosimama, lilikuwa limezaa, na alikuwa tayari kumwombea Ildefonsi dume moja kwa sababu ujanani waliimba kwaya pamoja. Mbwa wa aina ile, alieleza, humchagua mtu mmoja na kumfuata huyo mpaka mwisho. Mtu akikusogelea kwa ubaya huna haja ya kupiga kelele, mbwa amekwisha kusimama kati yenu.

Ildefonsi alimtaka huyo. Edina alimtaka wa kwao.

Kwao ni Liuli, Ziwa Nyasa. Baba yake alifuga mbuzi huko katikati ya mawe na vichaka vilivyojaa chui na fisi, na mbwa wake walikuwa wa namna yao: wembamba, wa rangi ya udongo mkavu, masikio yameanguka, kubweka kwao ni kwa nadra. Ukiwaona utadhani wamekata tamaa. Lakini mbwa hao walilelewa zizini. Mtoto wa mbwa akianza tu kusimama anatolewa kwa mama yake na kuwekwa kwa mbuzi, ananyonya kwa mbuzi, analala juu ya mbuzi, anakua akiamini kwamba yeye ni mbuzi aliyejaliwa meno mazuri. Binadamu hambembelezi. Anayembembeleza anamharibu, kwa sababu siku moja ataacha kundi aufuate mkono.

Mbuzi wale hawakuwa wengi, lakini ndio walikuwa tegemeo. Kahawa ilikwisha kuwatupa mkono. Chama cha ushirika kilifunga ghala, wakaja wanunuzi binafsi na magari yao na mizani yao, leo wamepandisha bei, kesho hawaonekani, na dawa ya chulebuni, ule ugonjwa unaoozesha buni mtini, ikawa kitu cha kusikia kwa watu. Kisha Ildefonsi akaanza kukohoa. Mwanamume aliyefyeka na kupanga majani ya ngolo, vile vishimo vya kulimia vya mteremko mzima, Edina akimfuata nyuma kwa jembe kuyafukia, sasa alishinda uani amejifunika blanketi akilifuata jua.

Na Edina hakuzaa. Katika ukoo ule mwanamke asiye na mtoto alikuwa mgeni anayekawia kuondoka, na hakuna aliyelitamka hilo kwa kuwa mwenye nyumba alikuwa hai bado. Yeye mwenyewe alilijua. Ndiyo maana aliwatazama mbuzi kama wengine wanavyotazama nyumba ya bati. Jike la kwanza alilileta yeye kutoka Liuli, hao wengine wote walizaliwa humo. Wakiongezeka, Mungu hata akimchukua Ildefonsi, atakuwa na cha kumweka mlimani, karibu na kaburi lake, badala ya kurudi kuwa mzigo kwa kaka yake.

Walibishana kwa upole, kama wanavyobishana watu wanaojua kwamba mmoja wao hana muda mrefu. Edina alisema mbwa wa padre amezoea mifupa ya jikoni kwa masista, hapa atakula nini, maharage? Ildefonsi alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. Kilipotulia akasema:

"Mnyasa wangu, mimi simwogopi chui. Chukua mbwa atakayekujua wewe."

"Mbuzi wakiwa salama, na mimi niko salama," alijibu Edina.

Ildefonsi alitupa jicho ng'ambo ya kijito. Ni vigumu mtu kumsema ndugu aliyenyonya naye titi moja, tena kwa jambo ambalo bado halijatendeka. Akavuta blanketi, akamwambia, haya, nenda kamchukue.

Edina aliteremka kwa lori la mnunuzi wa kahawa mpaka Mbamba Bay, akaendelea hadi Liuli. Kaka yake Cuthbert, mrithi wa mbuzi wa baba yao, alimpokea kwa ugali wa muhogo na usipa, akasikiliza habari za chui, kisha akampeleka zizini kulikokuwa na watoto wa mbwa. Edina akainama kuwatazama meno na miguu. Cuthbert akamzuia. Usichague wewe, alimwambia, kaa tu hapo uwaache.

Akakaa juu ya jiwe. Mmoja, mwenye doa jeupe kifuani, alimjia mbio akitikisa mkia, akalamba vidole vya miguu yake, akajaribu kupanda mapajani. Moyo wa Edina ulimwendea palepale. Mwingine akampita kana kwamba yeye ni nguzo ya zizi, akajikokota hadi kwa mbuzi aliyelala akicheua, akajisukuma chini ya tumbo lake na kusinzia.

"Ni huyo," alisema Cuthbert. "Lakini elewa, mdogo wangu. Huyu hatakuwa wako. Atakuwa wa mbuzi."

Edina alijibu kwamba ameelewa. Wote hujibu hivyo. Alimwondoa yule wa doa jeupe miguuni pake, taratibu, na huyo akadhani ni mchezo, akarudi tena.

Mlimani kulikuwa na mbuzi aliyenyang'anywa mtoto na chui wiki ileile, chuchu zimejaa, analia kutwa. Edina alimpaka mtoto wa mbwa maziwa ya mbuzi huyo na kinyesi cha zizi, akamshika mbuzi pembe huku akimwelekeza mdogo kwenye chuchu. Siku za kwanza ilikuwa mateke. Baadaye mbuzi akamnusa, akanyamaza, akatanua miguu. Habari hiyo ilizunguka upesi. Kilabuni watu waliulizana kama mwakani Mnyasa atawanyonyesha nguruwe kwa kuku, na Joakim, ambaye mbuzi wake walichungwa pamoja na wa kaka yake, akawa anapita kila jioni kujionea kioja na kwenda kukisimulia.

Kicheko hicho Edina alikiweza. Alichokuwa hakiwezi ni asubuhi za manyunyu, mtoto wa mbwa alipopenya chini ya mlango wa zizi na kuja kusimama jikoni, amelowa, anatetemeka, akiutazama moto. Mikono ya Edina ilikuwa imesubiri miaka mingi kitu cha kubeba. Alimsukuma kwa mguu. Akirudi, alimsukuma tena, mpaka yule mdogo akaelewa kwamba joto lake liko kwa mbuzi, akaenda. Kisha Edina alikaa mbele ya mafiga akalia, akisingizia moshi wa kuni mbichi, ingawa Ildefonsi hakumwuliza kitu.

Mbwa akakua. Malishoni alitembea nyuma ya kundi, kimya, akimngoja mzembe wa mwisho. Mbuzi akizaa alikuwa analala kando yake mpaka mtoto asimame. Kwa Edina alikuja kula tu, kwa adabu, kama mpangaji mwema.

Chui alirudi kiangazi, alfajiri moja ya ukungu. Edina alisikia mngurumo, kisha vurugu ya zizi zima, akatoka na panga na kijinga cha moto. Mbwa alikuwa amesimama katikati ya mlango uliovunjwa, sikio moja limechanika, bega linavuja damu, na nyuma yake mbuzi wote wamesongamana ukutani. Wote. Juu mawe yaliporomoka chui alipokuwa akipanda, na tangu siku ile hakuonekana tena katika zizi lile. Edina alimwosha mbwa majeraha kwa maji ya chumvi. Mbwa alivumilia, macho yake yakiwa kwa mbuzi.

"Umechagua vizuri," Ildefonsi alimwambia asubuhi hiyo. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Nilikosea mimi."

Edina alifurahi, Mungu amsamehe, alifurahi kabisa. Alimwinua mumewe, akamsogeza penye jua ili awaone mbuzi wakitoka, akawataja mmoja mmoja, huyu ana mimba, huyu bado, na Ildefonsi akaitikia kwa kichwa. Kahawa ilipoanza kuiva alikuwa hawezi tena kukaa. Kabla haijachumwa yote walimzika upande wa chini wa nyumba, mahali mteremko unapotulia kidogo.

Walipomaliza matanga, Joakim alikuja na wazee wawili wa ukoo. Macho yake yalikuwa mekundu, na si kwa pombe. Alimpenda kaka yake. Mtu anaweza kulia na kupora katika siku moja, na machozi yasiwe ya uongo.

"Shemeji, hatukufukuzi," alisema. "Ila zizi ni la ukoo, na kilichozaliwa zizini ni cha mwenye zizi."

Edina alisema kwamba jike la kwanza lilitoka kwa baba yake, kila mtu pale alilijua. Mzee mmoja alikubali kwamba ni kweli, lakini jike lile lilikwisha kufa zamani, hawa wamekula majani ya hapa. Angekuwepo mtoto, aliongeza kwa upole, ungewatunza kwa niaba yake. Alilisema kama anayetoa pole. Baada ya neno hilo hawakumngoja Edina ajibu.

Joakim akafungua mlango wa zizi. Mbwa akainuka.

Edina alisogea karibu. Alimtazama mbwa akimwendea Joakim, kichwa chini, sikio lile lililochanika likining'inia, na kwa muda mfupi alitaka damu, atusamehe Mungu, aliitaka kabisa. Mbwa alimnusa Joakim mkono. Aliujua. Ulikuwa mkono wa jioni zote, wa kundi lililochungwa pamoja na kundi lake. Akasogea pembeni kuwapisha mbuzi, akamsubiri wa mwisho, akachukua nafasi yake ya siku zote nyuma ya kundi. Wakateremka, wakavuka kijito, wakapanda upande wa Joakim. Mbwa hakugeuka. Angegeukia nini, na mbuzi wote wako mbele yake?

Ndipo Edina alipolielewa neno la marehemu, mbwa atakayekujua wewe. Ildefonsi alimwona mwizi siku zile za kubishana, akamwona kwa sura na kwa jina, akashindwa kumtaja. Naye Edina alikuwa ameshughulika na chui.

Kesho yake alikwenda kwa Joakim. Hakudai mbuzi, alimdai mbwa. Joakim aliinamisha uso, akasema mbwa ni wake, amchukue, wala asidhani kuna mtu mwenye roho mbaya. Mbwa wake mwenyewe alikuwa amefungwa kwa mnyororo, akibweka hata sauti kumkauka. Edina alimvalisha yule wa kwake kamba, akamvuta, akavuka naye kijito.

Alimfunga kwenye nguzo ya zizi tupu. Akampa uji, hakuugusa. Akampa usipa, akageuza pua. Alikaa ameelekea ng'ambo, na kila mbuzi aliyelia kule alimjibu kwa sauti nyembamba ambayo Edina hakupata kuisikia tangu alipokuwa mtoto wa mbwa. Ng'ambo mbuzi nao walikataa kutawanyika malishoni, wakasongamana kijitoni wakitazama huku. Cuthbert alikwisha kutuma salamu kwamba arudi nyumbani, chumba kipo. Edina alikuwa amepanga aondoke na mbwa. Angekuwa na chake njiani, na huko Liuli kuna mbuzi wengine. Angezoea.

Asubuhi ya kuondoka aliweka kikapu chake mlangoni, akaenda kaburini, akarudi zizini. Mbwa alikuwa amekonda, mbavu zinahesabika. Edina alichuchumaa, akamwekea mkono kichwani. Akaupitisha shingoni, akaupitisha begani kwenye kovu la chui, akakumbatia manyoya yale machafu yenye harufu ya mbuzi na kuweka shavu lake hapo, na safari hii hakusingizia moshi. Mbwa alitulia kwa heshima, kama mtu aliyesimamishwa njiani na mzee anayependa maongezi. Mkono ulipokoma, alitazama ng'ambo.

Akamfungua kamba.

Mbwa alivuka kijito kwa kuruka, yeye ambaye siku zote alitembea. Mbuzi walimwona kabla hajafika, wakamzunguka, na yule mama aliyemnyonyesha akamnusa mgongo wote. Edina alisimama na kamba mkononi akamwonea wivu, wivu wa kweli, wa kuuma. Wote wawili walitoka Liuli, wote wawili waliupa mteremko ule nguvu zao zote. Mbwa hakuna aliyemwuliza amezaa nini. Watoto wa Joakim walimfungulia mlango, akaingia.