Mtoto Aliyefunguka

Bawabu alizitoa ndizi kwenye kikapu, akazigeuza huku na huku kama mtu anayetafuta kosa, akaziweka mezani kwake kando ya redio.

"Chakula cha nyumbani hakiingii, mama. Unajua."

"Ndizi nimezinunua hapo njiani."

"Zimepita kwenye mkono wa nyumbani."

Hakuwa mtu mbaya. Alirudia alichoambiwa arudie. Wenye nyumba ile walisema mtoto akionja cha kwao tu, ataanza kulilia kwao, na kazi yote ya kumtuliza itakuwa kutwanga maji kwenye kinu. Mama huyo, mfua nguo, akabana kikapu kitupu kwapani na kuficha mikono ndani ya mtandio. Vidole vilikuwa vimechanikachanika kwa sabuni, na pale penye kuta zilizochorwa vipepeo aliona haya kuviacha nje.

Uani kwao binti yake aliitwa Chiriku, kwa kuwa tangu alipojua kusema hakunyamaza hata wakati wa kutafuna. Tangu siku aliyofariki mdogo wake, neno halikumtoka. Mwalimu wake ndiye aliyeleta habari ya nyumba ile: watoto wenye majeraha ya moyo hulala huko, hutunzwa, huzungumzishwa na wataalamu mpaka wapone, na yote hayo ni bure. Hapo ndipo mama mtu alipopaswa kushtuka. Maskini akiambiwa bure, huuliza kwanza mlango wa kutokea uko wapi. Yeye hakuuliza. Alishukuru mpaka akapiga magoti.

"Anakula, analala, hasumbui," alisema mshauri, msichana mwenye sauti laini na viatu visivyolia sakafuni. "Ila bado hajafunguka."

"Nyumbani atafunguka tu, dada."

"Niite Shangazi. Hapa sote tunaitwa hivyo."

Kwa umri angeweza kuwa kifungua mimba wake. Shangazi wa kweli wa Chiriku alionekana mara ya mwisho msibani, akaondoka na sufuria kubwa.

"Haya, Shangazi. Kwani kunyamaza ni ugonjwa?"

"Anayenyamaza anaficha."

"Na yule anayelia pale kibarazani?"

"Yule bado hajatulia."

"Na asiyelia wala asiyenyamaza?"

Shangazi akatabasamu. "Huyo ndiye tunayemwangalia zaidi."

Sheria yao ilikuwa moja. Mtoto harudi kwao mpaka afunguke, na kufunguka maana yake ni kusimama katikati ya mduara wa wenzake na kusimulia kilichompata. Asimulie mwenyewe, kwa mdomo wake, asikike. Chiriku alikuwa ameshaingizwa kwenye mduara ule mara nyingi. Kila mara alisimama, akatazama vidole vya miguu yake, akarudishwa kukaa.

Wakaachiwa benchi la uani, mama na mwana. Mtoto alikuwa amenenepa kidogo, na hilo lilimchoma mama, maana unene ule haukutoka mkononi mwake. Chiriku alijilaza begani kwake akawa anachezea uzi wa mtandio. Mama mtu alitazama kushoto na kulia, kisha akainama sikioni mwake.

"Mwanangu, hawa watu wanataka useme. Sema. Wape wanachotaka twende zetu. La kwanza lisipowatosha, wape la pili. Umenielewa?"

Chiriku aliinua macho akamkazia kwa muda mrefu. Kisha akatikisa kichwa, kuitikia.

Siku nyingine ya kutembelea iliangukia siku ya wageni, wale ambao misaada yao ndiyo iliyoiendesha nyumba. Walikalishwa kwenye viti vyenye mito, watoto wakakaa chini kwa duara. Mfua nguo alisimama nyuma, karibu na mlango, na kikapu chake. Safari hii hakuweka kitu ndani, kwa kuwa alitaka nafasi ya nguo za mtoto.

Chiriku aliitwa katikati. Akasimama. Ukimya ukawa mrefu, Shangazi akaanza kuinua mkono amrudishe, na ndipo sauti ilipotoka. Ilikuwa imekwaruza, si ile ya zamani.

"Mdogo wangu alikuwa na pumu."

Mama mtu alijishika mdomo. Kwa kitambo hakusikia hata maneno, alisikia sauti tu, na aliifurahia kama aliyefufuliwa maiti yake.

"Halafu?" Shangazi alisema taratibu. "Mama alikuwa wapi?"

"Alikwenda kufua. Alifunga mlango kwa nje."

Huko kwao kila atokaye kwenda kibaruani huwafungia watoto. Kufuli ndilo yaya wa maskini. Ukiacha wazi kuna barabara, kuna mtaro, kuna wanaume wanaoshinda kutwa bila kazi. Ufunguo huachiwa jirani asiyetoka, na siku ile, kwa bahati yake, jirani naye aliitwa kwenye kibarua.

"Alikuwa anavuta pumzi haziingii. Nikapiga kelele. Nikapiga mpaka sauti ikaisha. Hakuja mtu."

Mgeni mmoja alivua miwani. Mwingine alimfinya mwenzake mkono. Wakapiga makofi, kwanza polepole, kisha wote, na watoto nao wakapiga kwa kuwa wakubwa wanapiga. Mfua nguo alilia, na katikati ya kilio alikuwa tayari akipanga nani alale upande wa ukutani. Mtoto amesema. Yamekwisha.

Shangazi alimwita ofisini na kumkalisha kwenye kiti kizuri.

"Amefunguka. Wageni wameguswa sana."

"Ahsante, mwanangu. Ahsante, Shangazi. Basi nimchukue."

"Umpeleke wapi, mama? Kwenye kufuli?"

Mfua nguo alidhani ni utani, akacheka kidogo. Shangazi hakucheka.

"Kule kwetu wote tunafunga," alisema mama mtu.

"Ndiyo maana wote mna tatizo. Mtoto akifungiwa, yuko hatarini. Hatuwezi kumrudisha hatarini."

"Nikimwacha wazi je?"

"Utakuwa umemtelekeza."

"Sasa nifanyeje?"

"Pata mtu mzima wa kushinda naye. Au ushinde naye mwenyewe."

"Nikishinda naye, tutakula nini?"

"Hilo si la kwetu," Shangazi alisema kwa huruma, na huruma yake ilikuwa ya kweli, jambo lililozidi kuudhi. "Sisi hapa tunashughulika na moyo." Akainuka kumfungulia mlango. "Na siku za wageni usije, mama. Ukiwepo anajibana."

Mtoto angenyamaza, angebaki kwa kuwa hajasema. Amesema, anabaki kwa alichosema. Mfua nguo alilizungusha jambo hilo kichwani njia nzima, akifua analizungusha, akianika analizungusha, na hakupata pa kulishikia. Kushindana na watu wanaopiga ni rahisi. Hawa walimpa kiti.

Siku za wageni ziliongezeka. Habari za msichana aliyekuwa bubu akafunguka zilikuwa zimeenea. Mfua nguo alikuja hata hivyo. Bawabu alimzuia, kisha akageukia redio yake kwa makusudi, naye akazunguka ukuta mpaka nyuma, palipokuwa na uzio wa waya na madirisha ya ukumbi yaliyoachwa wazi kwa joto.

Walimvika Chiriku gauni jipya. Sauti ilikuwa imekomaa. Alijua sasa pa kutulia na pa kushusha pumzi. Alisimulia pumu, alisimulia mlango, alisimulia kelele. Wageni walitulia wakimtazama. Pengine walishasikia mengi ya namna hiyo, kwani hakuna aliyevua miwani.

"Kuna jingine?" Shangazi alimhimiza. "Usiogope. Litoe."

Chiriku alitazama huku na huku akitafuta la kusema, na macho yake yakapita dirishani yakamkuta mama yake ameng'ang'ania waya.

"Mama alinisikia," alisema. "Alikuwa papo hapo mlangoni. Nilimwita, akanisikia, akaenda zake."

Saa ile mama yake alikuwa ng'ambo ya mji, mikono imezama kwenye mashuka ya watu. Alifungua kinywa aseme si kweli. Akakumbuka kwamba huko ndani mtu anayepiga kelele huitwa mgonjwa, na mama mgonjwa huitwa hatari.

Mgeni wa mbele alitoa kitambaa akajifuta macho. Chiriku aliliona hilo. Akamtazama tena mama yake kule nje na kumpa tabasamu dogo la siri, la mtoto aliyetumwa dukani akarudi na kila alichoagizwa. Kisha akawageukia wageni, akapaza sauti ili walio nyuma wasikie, akaanza kuwaeleza jinsi mama yake alivyokuwa akimchoma moto.