Uso wa Juu Chini

Suruali ya sare aliipiga pasi mwenyewe, na mstari ukatoka umepinda. Akaurudia, ukapinda upande wa pili. Mkewe angekuwepo angemnyang'anya pasi na kumwambia akakae mbali na nguo za watu. Mkewe hakuwepo. Kilichosikika nyumbani ni bomba la jikoni tu, likidondosha tone, likinyamaza kama linalofikiri, kisha likidondosha jingine.

Simu iliita akiwa anafunga kamba za viatu. Alikuwa mwanawe, anayeishi ng'ambo.

"Baba, leo ndiyo leo. Utanirekodia?"

"Nitarekodi vipi na mimi ndiye ninayepewa?"

"Mpe mtu simu akurekodie."

"Nimpe nani?"

Mwana akasema kazini wamemkatalia ruhusa, ila yupo naye kwa moyo. Baba akajibu kwamba moyo haukalii kiti, lakini amepokea. Wakacheka wote wawili, kila mmoja akimsaidia mwenzake amalize simu.

Kazini walimwita Kichwani. Jina hilo halikutokana na akili, ingawa mwenyewe hakuwakatalia wageni waliodhani hivyo. Lilitokana na kiti chake. Ndani ya helikopta ya wagonjwa kila mtu ana mahali pake na hapahami. Rubani yuko mbele. Muuguzi yuko ubavuni mwa machela, penye mikono na dripu. Yeye, mhudumu wa dharura, alikaa nyuma ya kichwa cha mgonjwa, kwa sababu kazi yake ilikuwa pumzi: kushika taya, kubana mfuko wa hewa, kutazama macho kama bado yana mwenyewe. Miaka yote ya kazi yake aliishi kwenye kiti hicho, magoti yake yakigusa nywele za watu asiowajua.

Na kazi ile ina desturi yake. Mgonjwa anapokelewa mlangoni mwa hospitali, machela inaingia, mlango unajifunga, nao wanarudi kufuta damu na kujaza mitungi ya oksijeni. Hawaendi wodini kuuliza. Waliotangulia waliwafundisha hivyo, kwamba ukianza kuulizia wagonjwa hutapanda tena. Kichwani alilishika somo hilo kama sala. Lakini sasa alikuwa anastaafu, na katika barua ya mwaliko waliandika kwamba baadhi ya waliookolewa watakuwepo. Tangu aisome barua ile usingizi ulimpaa. Ngao ya tuzo aliyoahidiwa haikumshughulisha. Alitaka jambo moja tu: kabla hajaivua sare kabisa, mtu mmoja kati ya wote aliowabeba amtazame na kusema, huyu ndiye.

Sherehe ilifanyiwa ndani ya banda la helikopta. Helikopta yenyewe ilikuwa imesukumwa nje, imeoshwa inang'aa kama bwana harusi, na mahali pake wamepanga viti vya plastiki. Harufu ya mafuta ilibaki pale pale, haikusikia habari za sherehe. Kila mwenye kutunukiwa alikuwa amewekewa viti viwili vya wageni. Kichwani aliketi, akatazama vile viwili vya kwake, akavua kofia na kuiweka juu ya kimoja, ili angalau kimoja kionekane kina mwenyewe.

Muuguzi wao, aliyeitwa Dada Dripu na kila mtu hadi mkurugenzi, alifika na mumewe, watoto wake, mama mkwe wake na shangazi ambaye hakuna aliyejua ni wa nani. Alipoona hali ile akainama.

"Kichwani, mimi nimeleta ukoo mzima, wewe umeleta kofia?"

"Kofia haili sana."

"Ungesema nikuazime shangazi."

"Shangazi mwenyewe nimesikia mnamgombania."

Dada Dripu akacheka, lakini alimshika bega na kuuacha mkono pale muda mrefu kuliko utani ulivyohitaji. Kisha akaenda kuwatuliza watoto.

Mkurugenzi alisoma hotuba. Kichwani aliipata nusu, kwa sababu sikio lake la kushoto lilikwishaliwa na injini, na yeye, kwa kutofikiri, alikuwa ameketi na sikio bovu likielekea jukwaa. Alisikia "kujitoa", akasikia "bila kuchoka", jambo ambalo si kweli, maana walichoka sana. Wakaitwa mmoja mmoja: rubani, Dada Dripu, yeye. Ngao ilikuwa ya mbao yenye bati la dhahabu ya kupaka. Mpiga picha akamwambia atabasamu. Akajitahidi. Watu walipiga makofi kwa adabu, na alipokuwa akirudi aliona viti vyake viwili na kofia yake, vikimngoja.

Kisha mshereheshaji akamkaribisha mama mmoja, fundi cherehani, aliyeangukiwa na ukuta wa karakana alikokuwa akishona. Mama yule alisimama akisaidiwa na bintiye. Alitembea amenyooka sana, na alipotaka kutazama kushoto aligeuka mwili mzima, kama mlango unavyogeuka kwenye bawaba zake. Ukuta ule ulimwachia uhai, ila shingo yake ulimrudishia nusu tu: huku na huku haikwenda tena.

"Mimi si msemaji," alisema. "Siku ile walinivisha kola ya shingo, wakanifunga kwenye machela, sioni kulia wala kushoto. Naona juu tu. Na huko juu kulikuwa na mtu. Kelele zilikuwa nyingi, sikusikia hata neno, lakini midomo yake haikukoma kusema. Safari nzima anasema na mimi tu. Nikajiambia, maiti haongeleshwi hivi, basi sijafa. Nikamshika huyo kwa macho mpaka tukafika. Nimekuja leo nimwone."

Moyo wa Kichwani ulipiga kama wa kijana. Ukuta ule aliukumbuka, vumbi lake lilikaa kwenye mabegi yao wiki nzima. Kuhusu mama mwenyewe, Kichwani hakuwa na hakika, mpaka alipoona kovu dogo pale nywele zinapoanzia. Yeye huwajua watu kwa mapaji ya uso. Nyuso zao hajawahi kuziona zikiwa wima.

Mama akapita mbele ya mstari wa waliotunukiwa, polepole, akigeuka mzima mzima kwa kila mmoja. Kwa Dada Dripu akasema, "Alikuwa mwanamume," watu wakacheka. Akafika kwa Kichwani. Kichwani akavua miwani. Macho yao yakakutana, na mzee akaona ya mama yakimtafuta usoni, yakipanda, yakishuka, kama mtu anayetafuta tundu la ufunguo gizani. Yakakosa. Mama akampa mkono kwa heshima, "Asante, mzee wangu," akapita.

Rubani alikuwa wa mwisho, kijana mwenye kidevu cha kuchongwa na midomo mipana. Mama akamwangalia, akasita. "Ni wewe?" akauliza. Rubani, ambaye masikio yake nayo yameliwa na injini ile ile, alisikia shukrani tu, akatabasamu na kufungua mikono. Mama akamkumbatia, akalia begani mwake. Banda zima likasimama kupiga makofi. Mpiga picha akapiga mfululizo.

Dada Dripu akamsukuma Kichwani kwa kiwiko. "Sema."

"Niseme nini?"

"Useme ni wewe. Rubani alikuwa anaangalia njia, anaongeaje na mgonjwa?"

"Nisimame nidai kilio cha mama wa watu, kama mtu aliyepotelewa na mwavuli? Niache, dada yangu."

"Kiburi hicho, Kichwani."

"Basi ni changu."

Akapiga makofi pamoja na wengine. Alipiga vizuri mpaka viganja vikamuuma.

Watu walipoinuka kwenda kunywa soda, alitoka nje. Alizunguka helikopta, akafungua mlango wa ubavuni na kutazama kiti chake. Kitambaa kilikuwa kimechakaa kwa umbo lake. Kesho mwingine atakikalia, na baada ya muda kitasahau. Akafunga mlango. Akakumbuka kofia.

Ndani, viti vilianza kukusanywa. Kwenye kiti chake kimoja cha wageni alikuwa ameketi mtu, amechoka, kofia ameipakata kama paka. Ni yule mama fundi. Bintiye alikuwa amekwenda kutafuta gari. Kichwani alikuja kwa nyuma yake. Alitamani kuiacha kofia na kuondoka, lakini ilikuwa ya serikali, na ilitakiwa irudishwe.

"Samahani, mama. Hiyo kofia ni yangu."

Mama hakuweza kugeuka. Mtu mwenye shingo ile akiitwa kutoka nyuma ana njia moja tu. Akakiegemeza kichwa nyuma, kwenye mgongo wa kiti, akatazama juu. Kichwani alikuwa ameinama kuchukua kofia. Uso wa mama ukawa chini yake, paji la uso kwanza, kama alivyowajua watu siku zote.

Mama akatulia. Mkono wake ukaishika kofia, haukuiachia.

"Usiondoke hapo," alisema kwa sauti ndogo.

"Nimefanya nini?"

"Sema tena. Sema chochote."

"Mama, mimi nataka kofia yangu tu, nirudishe vitu vya watu, niende nyumbani."

Mama alikuwa haitazami kofia. Alikuwa anatazama midomo ya Kichwani, kidevu kikiwa juu na macho yakiwa chini kama siku ile angani, na machozi yakaanza kumtiririka kuelekea masikioni.

"Ndiye huyu," akasema. "Jamani, ndiye huyu. Na mimi nimelia begani mwa mtu mwingine."

"Rubani naye alifanya kazi yake. Tusingefika bila yeye."

"Nimwite mpiga picha? Nimweleze?"

"Mwache kijana afurahi. Mwezi mzima atatembea kifua mbele."

Mama akacheka, akajipangusa, ila hakuinua kichwa, na Kichwani hakunyanyuka, ingawa mgongo ulianza kumlalamikia. Walibaki hivyo katikati ya viti vinavyokusanywa.

"Niambie kitu kimoja," mama akasema. "Miaka yote hii najiuliza. Ulikuwa unaniambia nini? Binti yangu anasema ulikuwa unaniombea. Mimi nasema ulikuwa unanihimiza nisife."

Jambo hilo Kichwani hakuwahi kumwambia yeyote, hata Dada Dripu. Kule juu injini ilimeza kila kitu, mgonjwa hasikii, mwenzake hasikii, na yeye, mtu ambaye ardhini maneno yalimkwama kooni, angeweza kusema lolote.

"Siku ile," alisema, "nilikuwa nakueleza habari za bomba langu la jikoni."

"Bomba?"

"Lilikuwa linavuja. Mke wangu alikuwa amenisema asubuhi hiyo. Kwamba naokoa watu wa dunia nzima, bomba la mke wangu linanishinda. Nilikuwa nakulalamikia. Nikakwambia mpira wa bomba ameshaununua yeye mwenyewe, uko kwenye droo, unanisubiri tu mimi na spana."

Mama fundi alicheka mpaka kiti kikacheka naye. "Na mimi nakushika kwa macho kumbe nasuluhisha ndoa."

"Ulisikiliza vizuri sana."

"Mkeo yuko wapi? Nimpe pole ya bomba."

"Alifariki mwaka juzi."

Mama akainua mkono bila kuona unakokwenda, ukafika shavuni kwa Kichwani, ukiwa kichwa chini miguu juu kama kila kitu chao.

"Pole, baba."

"Nimeshapoa."

"Na bomba?"

"Bado linavuja."

Honi ikalia nje, na bintiye akamwita, gari liko katikati ya njia. Mama akanyanyuka kwa hatua zake, akageuka mwili mzima na kumpa kofia. Wakasimama uso kwa uso, na Kichwani akaona yale macho yakihangaika tena kidogo, yakitafuta mtu yule ndani ya sura hii iliyo wima, kama ndugu wa mbali. Mama akamuaga. Alitoka amenyooka, hakuweza kugeuka kutazama nyuma.

Kichwani alifika nyumbani jua likiwa bado juu ya mapaa. Aliiweka ngao mezani. Akavua shati la sare, akalikunja, akalilaza karibu nayo. Bomba likadondosha. Akafungua droo, akauona mpira, mweusi, bado ndani ya karatasi ya dukani aliyoifunga mkewe. Akaurudisha pale pale.

Alivuta kiti akakaa jikoni.

"Leo wametupa ngao," alisema.

Sauti yake ikazunguka chumba na kumrudia, kubwa, ya mzee. Akaona aibu, akanyamaza. Nyumba ilikuwa kimya mno kwa maneno. Mtu angeweza kujisikia mwenyewe akisema. Akakaa kidogo. Kisha akainuka, akafungua bomba lote mpaka mwisho, maji yakapiga sinki kwa kishindo na kujaza jikoni nzima kwa ngurumo. Akarudi kwenye kiti chake, akainama mbele, mikono juu ya magoti, akaanza kumweleza mkewe tangu mwanzo, mstari wa pasi ulivyopinda.