Betty Hana Maneno

Mara ya tatu Faida kuitwa na kamati kuhusu lile igizo, alitoka moja kwa moja kazini Penrith, anakotunza wazee, miguu ikiwaka moto. Kanisa lao la Kimethodisti la Wakongo wa ughaibuni, mtaani Ingleburn, lilikuwa linatimiza miaka kumi, naye aliombwa aandike igizo juu ya Barbara Heck. Huyu ndiye mama mhamiaji wa New York ya zamani anayesimuliwa kwamba aliwafumania ndugu zake wakicheza karata, akazitupa motoni, kisha akamwendea binamu yake, Philip Embury, akamtaka aanze kuhubiri.

Kikao cha kwanza, mwenyekiti Méthode alisema karata zitolewe, zitawafundisha watoto kamari. Faida akazitoa. Kikao cha pili, Balthazar, aliyepangiwa kuwa Embury, alilalamika kwamba haipendezi mhubiri akaripiwe na mwanamke. Afadhali aitwe kwa ndoto. Faida akaandika ndoto. Leo walitaka kumwondoa Betty, mtumishi Mwafrika anayetajwa miongoni mwa watu watano waliosikiliza mahubiri yale ya kwanza.

"Hana maneno," Méthode alieleza. "Anakaa tu."

"Na Barbara anafanya nini sasa?"

Méthode akapekua karatasi. Barbara alikuwa amebaki na kukaribisha wageni chai.

Garini Faida alimweleza binti yake Ange, ambaye ndiye angekuwa Betty. Ange akajibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba basi hilo ni igizo la mwanamume anayelala huku wengine wakinywa chai. Faida alitaka kucheka, hasira ikamzuia.

Jumapili likachezwa hivyohivyo. Balthazar aliota vizuri, akaamka, akahubiri dakika kumi na nane.

Kisha yakafika matangazo, ambayo Faida huyasoma kila wiki. Akasoma la usafi wa jiko na la mazoezi ya kwaya, halafu akaikunja karatasi. Bila kupaza sauti, akasimulia yote waliyoyakata: karata, moto, yule mama akimwambia binamu yake kwamba asipohubiri wataangamia wote, na Betty ameketi akisikiliza. Hazikupita dakika tatu. Hata wale wa nyuma waliweka simu zao chini.

Bibi Leokadia akauliza kutoka kitini pake, "Huyo Betty alikuwa wa kabila gani?"

"Sijui, Mama. Nimetafuta. Hakuna aliyeandika."



Mlangoni Méthode alimsubiri. Alisema kuanzia sasa matangazo yatapitiwa kwanza na kamati. Faida hakuwa hata na nguvu ya kubishana. Akampa karatasi.

"Basi soma wewe, Papa Méthode."

Jumapili iliyofuata Méthode aliyasoma kweli, akakosea siku ya mazoezi, na nusu ya kwaya ikakuta mlango umefungwa.